Bahasha chini ya godoro

KIBARAZANI
Na Mwanaidi Shekuwe

Jumamosi iliyopita jirani yangu aliniita chumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo, akavuta bahasha kutoka chini ya godoro. Ndani mlikuwa na karatasi ya hospitali: kimo sentimita 160, uzito kilo 113, kisukari, presha. Chini kabisa daktari ameandika kwamba anafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito.

"Da Mwana, niende nisiende?"

Nikamuuliza mumewe anasemaje. Hajui. Mama mkwe anayeishi naye? Hajui. Amepanga kuwaambia anakwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Mwenye uvimbe huonewa huruma, bonge huchekwa.

Mtaani tunaambiana fulani "kakatwa utumbo". Katika upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi, utumbo hauguswi. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula: kama robo tatu yake hutolewa, ukabaki mrija mwembamba mithili ya ndizi. Sehemu inayoondoka ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo hamu ya kula nayo hushuka. Utumbo huguswa katika aina nyingine, ambapo daktari hutengeneza kifuko kisichozidi yai, kisha akakiunganisha na utumbo kwa njia ya mkato. Kuna pia puto la kupunguza uzito, nalo halikati kitu. Hukaa tumboni miezi sita hadi mwaka, likatolewa. Na mambo haya si ya India na Dubai peke yake. Pale Muhimbili-Mloganzila yanafanyika.

Je, jirani yangu anafaa kweli? Chukua kilo zake, gawanya kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, unapata 44. Kigezo kilichotumika duniani tangu 1991 ni 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vilishusha zaidi: 35 hata kama huumwi, na 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Yeye amevuka mistari yote.

Najua watakaosema ale kidogo, atembee, aache uvivu. Ametembea. Amefunga, amekunywa maji ya ndimu, amepungua kilo kumi na mbili na kurudisha kumi na tano. Mwili ukishazoea uzito huupigania. Ukipungua, njaa huongezeka. Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu wapatao 4,000 wenye unene mkubwa, nusu waliofanyiwa upasuaji na nusu ambao hawakufanyiwa. Miaka ilivyokwenda, waliokufa upande wa upasuaji walikuwa wachache kuliko upande wa pili. Hatari ya kisu ipo, nani atabisha? Mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda mishipani. Lakini kubaki na kilo 113, kisukari na presha nako ni hatari, ila hatari hiyo haina fomu ya kutia sahihi.

Kwa hiyo sikumwambia asiende. Nilimwambia aitoe bahasha chini ya godoro.

Kisu ni kazi ya saa chache, lakini sinia ni la kila siku. Wiki za mwanzo ni supu iliyochujwa na maji ya kunywa kwa fundo. Baadaye vyakula laini. Hata akirudi kwenye wali, atakula matonge machache, samaki au maharage kwanza, atafune taratibu, na maji asinywe pamoja na chakula. Waliobadilishiwa njia ya utumbo, kaimati mbili na chai ya sukari nyingi zinaweza kuwatoa jasho na kuwapeleka moyo mbio. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na chokaa havina siku ya mwisho. Damu lazima ipimwe kila baada ya muda. Mimba isubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Sasa nioneshe uvimbe wa kizazi unaodai yote hayo. Sisi tunakula sinia moja. Mkono wako ukisimama kwenye tonge la nne, macho yote yanakugeukia: umechukia nini, chakula kibaya, au una lako jambo? Mama mkwe atakuongeza kipande cha kuku kwa mapenzi, nawe utakila kwa heshima, na baada ya dakika tano utakitapika. Na ukiendelea kula kwa heshima mwaka wa pili na wa tatu, uzito utarudi mdogo mdogo hadi umalize fedha na kovu ubaki nalo.

Mficha uchi hazai. Sisemi aombe ruhusa, maana tumbo ni lake. Wala hana deni la kuutangazia mtaa. Lakini anayeshika mwiko jikoni lazima ajue, na anayeshika pochi lazima ajue kwamba baada ya bili ya hospitali kuna vidonge vya maisha. Mtu asiye na hata mmoja wa kumwambia ukweli nyumbani, ningemshauri asubiri, amtafute huyo mmoja kwanza. Ndipo apange tarehe.

Juzi jirani alipita kuazima kinu. Bahasha sasa iko juu ya kabati la vyombo. Mumewe amekaa kimya siku mbili. Mama mkwe hajakubali. Amesema katika maisha yake hajaona mtu anapelekwa hospitali kwa sababu ya kula. Kisha, akiwa anachambua mchele, ameuliza kama hiyo supu ya wiki za mwanzo inatiwa chumvi au haitiwi.