Bodaboda Si Mkosaji wa Kuzaliwa

Anayetuambia kwamba bodaboda ikigongana na gari ikilipita imejitakia, basi kesi imekwisha, ameharakisha hukumu. Mahakama za Kenya haziamui hivyo.

Chukua ule mlima wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Lori linajikokota, gari dogo liko nyuma yake, pikipiki inafuata. Pikipiki imeshatoka kulia, iko ubavuni mwa gari, ndipo dereva naye anakata kulia alipite lori, bila kutazama kioo wala kuwasha indiketa. Mzembe ni nani hapo? Tazama kwanza ni nani aliyetangulia kutoka, gari limebonyea wapi, na vioo vimemwagikia upande gani. Abstrakti ya polisi inaonyesha tu kwamba ajali iliripotiwa. Na kukosa leseni (kosa la trafiki, sikatai) peke yake hakuthibitishi uzembe.

Bodaboda ikipita gari kwenye kona, nayo ibebe fungu lake. Sura ya 26 ya sheria zetu inaruhusu lawama igawanywe. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa, ilipokosa ushahidi wa kumbaini mkosaji, iliwatwika madereva wawili lawama sawa kwa sawa. Anayetaka mwenzake abebe lawama asilimia mia moja, alete shahidi aliyeona.