Umeme Ukikatika Siku Tatu, Andaa Nyumba Kwanza, Simu Baadaye

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hasa mlioko vijijini, leo nasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Ushauri tunaopeana kuhusu umeme ni mfupi mno: "Nunua pawabanki kubwa, maisha yaendelee." Mimi nauza mchele, mawese na usipa mkavu kutoka hapa Mwaya, wilayani Kyela, na wateja wangu wengi wako Mbeya na Dar. Pawabanki ninayo. Lakini msimamo wangu ni huu: muuzaji wa kijijini aiandae nyumba yake kwa siku tatu za giza kwanza, ndipo aje kwenye simu. Akianza na simu, nyumba itaimaliza.

Angalia inavyokuwa. Siku ya kwanza pawabanki ni ya biashara. Jioni mtoto wa darasa la saba anataka kusoma, anapewa tochi ya simu. Usiku bibi anataka kutoka nje, tochi ya simu. Asubuhi baba mdogo ana taarifa ya msiba wa kupeleka kwa ndugu, simu yake imezima, anaomba achaji "kidogo tu". Jirani naye anakuja. Utamnyima jirani? Hapa kwetu huwezi, na wala haipendezi.

Siku ya pili mchana pawabanki imekwisha. Mteja wa Dar aliyelipia kilo hamsini za mchele jana anatuma meseji, tiki moja. Anatuma nyingine, tiki moja. Mpaka jioni tiki moja. Habari za nguzo iliyoanguka Kyela hana. Anachojua ni kwamba katuma hela kwa mtu asiyewahi kumuona, na mtu huyo kapotea. Kesho anakuandika kwenye magrupu kwamba wewe ni tapeli. Utalifutaje jina hilo?

Hapo hakuna aliyekosea. Bibi alihitaji mwanga, mtoto ana mtihani, msiba ni msiba. Tatizo ni kwamba mahitaji yote ya nyumba yalibaki kwenye kifaa kimoja, nacho ndicho duka lako.

"Lakini sasa tuna Bwawa la Nyerere"

Nalisikia sana hili. Ni kweli, Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 na mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Limepunguza uhaba. Ila mgao unatokana na uhaba wa umeme, na nguzo kulala chini ni habari nyingine. Tarehe 1 Aprili 2024, mtambo ukiwa umeshawashwa, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa tuna ya kwetu juu ya hayo. Masika ya Kyela mnayajua, na mwezi wa nne ndiyo kilele. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zikijaa, maji yanaingia mashambani na barabarani. Mti ukiangukia waya siku kama hiyo, fundi anaweza kuwa na kila kitu isipokuwa njia ya kumfikisha.

Tazama ng'ambo ya Songwe. Januari 2022 kimbunga Ana kiliharibu kituo cha Kapichira kule Malawi, kituo cha karibu megawati 130. Kilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuzalisha. Unguja nao wana la kusimulia. Mwaka 2008 walikaa gizani karibu wiki nne, kuanzia Mei hadi Juni. Desemba 2009 njia ya umeme kutoka bara ikaharibika tena, na safari hii giza likaenda mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Na huko kilichowatesa watu hakikuwa taa peke yake. Pampu za maji zilisimama, ndoo zikawa ndiyo habari ya mjini.

Kwa hiyo nikisema siku tatu sitishi watu. Siku tatu ni kipimo cha chini cha kuanzia.

Nyumba inaandaliwaje

*Mwanga.* Nunua taa ndogo za sola zenye paneli yake, angalau mbili. Moja ya jikoni, moja ya watoto na wazee. Zikiwepo, hakuna atakayeomba tochi ya simu yako. Kibatari ni rahisi kununua, lakini moshi wake unaingia kwenye vifua vya watoto, na nyumba ya mianzi au nyasi haihitaji bahati mbaya mara mbili.

*Maji.* Kama maji yenu yanasukumwa na pampu ya umeme, umeme ukikatika na bomba linakauka muda si mrefu. Madumu yajazwe kila wingu zito linapoonekana. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu mafuriko yakiingia visimani Kyela tunajua kinachofuata. Mama akiumwa au mtoto akiharisha, hakuna oda itakayofungwa siku hiyo.

*Moto.* Kuni kavu ziwekwe juu mahali pasipovuja kabla masika hayajaanza. Mnaopikia umeme msitupe jiko la mkaa. Na tafadhali, jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, na jenereta isiwashwe ndani ya nyumba wala dukani. Ile hewa yake haina harufu ya kukuamsha, inaua watu wakiwa usingizini.

*Mashine.* Hili linasahaulika sana. Mashine nyingi za kukoboa mpunga na kusaga zinategemea umeme. Unaweza kuwa na magunia kumi ya mpunga ndani na usiwe na kilo moja ya mchele wa kumtumia mteja. Koboa mapema, weka akiba ya oda za wiki moja, na unga wa nyumbani uwepo. Usipa nao ukaushwe kabla ya mvua, kwa sababu masika jua halina ratiba.

*Friji.* Wenye kuuza mbasa na samaki wengine wabichi, sheria ni moja: usifungue fungue. Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Friji ya kawaida ni kama saa 4 tu. Ndani kukiwa na nafasi, jaza chupa za maji zigande. Muda ukipita na samaki wamelegea na kupata joto, wapeleke shimoni. Mteja mmoja akiumwa tumbo umepoteza mtaa mzima.

*Fedha taslimu.* Wakala naye simu yake inazima, mtandao nao unaweza kupotea minara ikiishiwa nguvu. Weka noti za nauli ya bodaboda, gharama ya mzigo kwenye basi, na dawa. LUKU nayo usingoje isome sifuri. Umeme ukirudi usiku wa manane na uniti hamna, giza lako linaendelea wakati wa jirani limekwisha.

Sola: piga hesabu, usipigwe picha

Wengi tunanunua sola kwa kuangalia picha ya tangazo, "inawasha nyumba nzima". Chukua kalamu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 inabeba wati-saa 600. Betri ya asidi ukiimaliza kila siku inakufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu, yaani 300.

Taa ya LED ya wati 5 ikiwaka saa 4 inakula wati-saa 20. Taa tatu ni 60. Kuijaza simu kubwa ni kama 20, simu mbili 40. Jumla 100 kwa siku. Maana yake betri hiyo inakupa siku tatu hata jua lisipotoka kabisa. Hapo ndipo pa kulenga.

Sasa weka TV ya wati 50 kwa saa 4. Hiyo peke yake ni 200, na betri imekwisha usiku wa kwanza. Pasi na birika usiziwaze kabisa. Sisemi watu wasiangalie mpira. Nasema wakae kikao cha familia kabla ya giza, waamue kipi kinatangulia. Mkianza kuamua gizani mtagombana.

Jirani nao wapangie: wachaji mchana jua likiwa limetoka, moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Usiku betri ni ya nyumba. Umesaidia, na hukuishiwa.

Wapo watakaosema bora kukopa ununue jenereta moja kwa moja. Mimi sikubali, labda kama unagandisha samaki wengi. Jenereta inataka mafuta kila siku, na barabara ikifungwa na mafuta hayafiki. Kwa faida ya oda za rejareja, taa mbili, madumu, kuni na betri ya kawaida vinakufikisha mbali zaidi. Huwezi kununua vyote mwezi huu? Anza na taa. Mwezi ujao madumu. Tenga kidogo kwenye kila oda.

Sasa ndiyo tuje kwenye simu

Nyumba ikishatulia, simu inahitaji mambo machache tu.

Kwanza, laini inayopokea malipo iweke kwenye kitochi. Huduma za pesa za kubonyeza nyota na reli hazihitaji simu janja wala bando, na kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa. Unaona hela ikiingia, unapokea simu, unatuma meseji ya kawaida.

Pili, oda ziandikwe kwenye daftari: jina, namba, kiasi, amelipa au bado, basi gani. Simu ikizima daftari halizimi.

Tatu, mpate mtu mmoja aliye Kyela mjini au Mbeya, ndugu au rafiki mnayeaminiana, awe na ruhusa ya kuandika kwenye ukurasa wako. Maneno mawili kutoka kwake yanatosha kutuliza watu.

Nne, mwambie mteja mapema, chaji ikiwa bado ipo. Mfano: "Habari boss. Huku kwetu umeme umekatika. Oda yako ya kilo 50 ipo, imeshafungwa, inapanda basi Alhamisi. Nisipojibu WhatsApp nipigie namba hii ya kawaida." Ule usemi wetu wa "samahani, mtandao ulikuwa unasumbua" baada ya siku mbili za ukimya umeshachuja, wateja wameusikia kwa matapeli pia. Mteja anavumilia kuchelewa akijua kinachoendelea. Ukimya ndio unaomfanya afikirie hela yake.

Na tarehe usiyoweza kuitimiza usiitaje. Masika, sema siku mbili zaidi ya unazodhani. Mzigo ukiwahi, atakusifia.

Siku hizi mteja haulizi unakaa mjini au kijijini. Anakupima kwa neno lako tu. Sisi wa Mwaya hatuwezi kuzuia mvua ya mwezi wa nne wala kusimamisha nguzo. Tunachoweza ni kuhakikisha bibi ana taa yake, watoto wana maji, na mchele umeshakobolewa. Mwenye hayo, siku ya tatu ya giza bado anapokea simu ya mteja kwa sauti ya utulivu.

Masika hayajafika. Leo jioni hesabu nyumbani kwako: taa ngapi, madumu mangapi, kuni za siku ngapi. Halafu mtumie na muuzaji mwenzako aliyeko kijijini, naye ahesabu.