Nani alisema Pedagojia ni ya walioshindwa?

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, maneno yale yale husikika katika viwanja vya parokia zetu, kutoka Nyangwe hadi Kasongo na Kabambare. Mwenye asilimia nyingi huambiwa: «Wewe utasoma sheria, au udaktari.» Mwenye hamsini na kidogo huambiwa: «Basi, nenda kwenye Pedagojia, ukawe mwalimu.» Wa kwanza amepewa taji, wa pili amepewa adhabu, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa anaweza nini wala anapenda nini.

Sisi tunaowatayarisha walimu tunaikataa desturi hiyo. Huyo aliyeadhibiwa atasimama kesho mbele ya watoto hamsini wa darasa la kwanza, nao ndio watakaoitumikia adhabu yake. Na yule wa sheria? Tumewaona wengi. Baba ameuza mbuzi, mjomba ametoa mchele wa msimu mzima, kijana amepelekwa Kindu au Bukavu, na baada ya mwaka mmoja anarudi kimya kwa sababu alipenda mashine, si vitabu vya sheria. Mama anayenunua samaki sokoni Nyangwe humgeuza, humtazama matamvua, humnusa. Masomo ya miaka mingi tunayanunua tumefumba macho.

Hatusemi kwamba wazazi ni wajinga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, ni wao waliobeba mzigo huo. Mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali yakatangazwa kuwa ya bure, lakini walimu wengi waliendelea kufundisha bila majina yao kuwamo katika orodha ya mishahara. Mzazi anayemwambia mwanawe aikimbie chaki ameona mambo kwa macho yake. Na wale wanaotuimbia kwamba ualimu ni wito, huku wakimwona mwalimu analala na njaa, wanalitumia vibaya neno takatifu. (Sisi makatekista tumo humo pia, tumelisema mara nyingi mno.)

Lakini umaskini wa mwalimu ni hoja ya kudai mshahara wake. Hauthibitishi kwamba kazi yake ni ya wenye akili ndogo.

Kuna jambo jingine lisilosemwa. Kwa sheria ya mwaka 2014, mtoto humaliza miaka minane ya elimu ya msingi, kisha huingia miaka minne ya humanite, na hapo ndipo anapochagua seksio. Anachagua nini, ikiwa shule ya kijiji ina seksio moja tu? Anachaguliwa na jengo lililo karibu na nyumba yao. Ni kweli kwamba diploma ya Pedagojia haimfungi mtu maisha yake yote. Lakini anayetoka huko kwenda udaktari atakuta kemia na hesabu zinamngoja kwa ukali. Aambiwe hayo akiwa na miaka kumi na minne, si baada ya karo kulipwa.

Vijana, jitazameni. Ni nani ambaye watoto humfuata baada ya katekisimu ili awaeleze tena? Ni nani anayehesabu vikapu vya mchele bila karatasi, na bado hakosei? Mashamba ya mpunga ya Kasongo yanahitaji waagronomu. Dhahabu ya Namoya inachimbwa kule Kabambare. Wangapi kati yetu wamesoma jiolojia? Kabla ya kujiandikisha, kaeni juma moja na mtu anayeifanya kazi hiyo, mwone asubuhi yake na jioni yake.

Nasi tuna sehemu yetu. Akija kwetu kijana aliyetumwa na mjomba wake, tutamwuliza kwa nini anataka kufundisha. Akinyamaza, tutamrudisha nyumbani, azungumze kwanza na mjomba.