Randa ya Mkono Wako

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Neno hilo lamfaa mvivu. Lakini asiye na jembe hata moja, yeye atalima kwa nini? Ndiyo hali ya vijana wengi wa Kamanyola waliojifunza useremala: mikono wanayo, mbao wanazipata, randa hawana. Randa ya chuma itokayo ng'ambo ni ya bei kubwa, tena ni mzigo. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, vita vilipoingia Bukavu na kuteremka hata Kamanyola, hakuna fundi aliyeweza kukimbia na karakana kichwani.

Twaona basi yafaa kueleza jinsi ya kutengeneza randa ya mti. Msidhani ni chombo cha kimaskini. Maseremala wa Roma ya kale walijua randa, nayo imefukuliwa hata Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na majivu ya volkeno mwaka 79. Na fundi mashuhuri James Krenov (1920–2009), aliyefundisha huko California, alitumia randa za mti alizozitengeneza mwenyewe. Njia tunayoieleza ni kama yake.

Kwanza, mti. Chagueni mti mgumu wenye nyuzi zilizonyoka. Uwe mkavu kabisa. Hapo wasomaji wa bondeni waangalie sana: mbao iliyokaushwa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, ikishuka milima ya Ngomo na kufika katika joto la Ruzizi, hukauka tena na kupinda. Iacheni karakanani miezi kadhaa kabla ya kuikata.

Pili, gogo. Urefu sentimita 30, upana 7, kimo 6. Pasueni kila upande ubao wa sentimita 1, mkitia alama ili urudi mahali pake. Kipande cha katikati kikateni kwa mshazari wa digrii 45, theluthi moja kutoka mbele. Kisu kitalala juu ya kipande cha nyuma. Asiye na kipimo akunje karatasi ya mraba pembe kwa pembe: mkunjo huo ndio digrii 45. Kipande cha mbele kilazeni upande wa pili, ili maranda yapate njia ya kutokea.

Tatu, kisu. Kipande cha springi ya gari, upana sentimita 4, chafaa sana. Mhunzi akipashe moto hata sumaku isikishike, akitumbukize katika mafuta, kisha akipashe tena polepole mpaka rangi ya majani makavu. Makali yanolewe kwa digrii 25 hadi 30, yakitazama chini. Yakikaribia 45, kisigino cha kisu kitagusa mbao, makali yasiguse.

Nne, kuunga. Tobolea mbao mbili za pembeni tundu la kijiti kigumu kitakachokingama juu ya kisu, kikiacha nafasi ya kabari. Gundisheni vyote, kinywa kikiwa chembamba hata kisu kisipite. Gundi ikikauka, kazeni kisu na kabari, makali yakiwa yamerudishwa ndani, msugue wayo wa randa juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo. Kinywa kitafunguka kidogo kidogo. Komeni mara maranda membamba yanapopata kupita. Mwenye pupa hufungua kinywa kipana, na kinywa kipana huchanachana mbao.

Ukitaka kukata zaidi, gonga kisu kwa nyuma kwa nyundo ndogo. Ukitaka kupunguza, gonga kisigino cha randa. Kisha kaza kabari.

Kazi hii yahitaji msumeno, patasi, msasa, gundi na subira. Matunda yake si randa peke yake. Aliyenunua chombo akinyang'anywa hubaki akingoja fedha. Aliyekitengeneza akinyang'anywa hutafuta gogo lingine kavu na springi nyingine kuukuu. Basi, enyi wazazi, mtoto aliyemaliza shule akilia kwamba hana vifaa, msikimbilie kukopa. Mpeni kwanza gogo, mkaone maranda yake ya kwanza.