Nta haijui mstari

Nta imenilisha miaka 22. Natengeneza batiki uani kwangu hapa Tanga: nayeyusha mishumaa, nachovya sifongo, napiga muhuri kwenye kitambaa, kisha kitambaa kinaingia kwenye beseni la rangi. Kwa hiyo mjukuu wangu wa miaka sita aliporudi na daftari lenye tembo wa zambarau, na pembeni amewekewa alama ya kosa kwa kuwa rangi imetoka nje ya mstari, niliumia kuliko alivyoumia mama yake. Tembo yule alikuwa mzuri. Ukimtazama unaona anatembea.

Sipingi mtoto kufundishwa kufuata mstari. Mkono utakaoandika lazima uzoee kutii. Lakini kama rangi yote anayoigusa tangu chekechea ni ya kujazia picha aliyochorewa na mtu mwingine, atajua lini rangi inaweza kufanya nini? Ndiyo maana nawaomba wazazi wenzangu: lile kopo la vipande vya krayoni lililoko uvunguni, vile vilivyovunjika na kuchubuka karatasi, msilitupe. Viyeyusheni pamoja na watoto.

Sisi tulianza na jua. Jua la Tanga la saa saba mchana, mwezi wa Februari, halihitaji msaada. Tulimenya karatasi, tukapanga vipande juu ya kadibodi mbili, moja nyeupe na moja nyeusi, tukaziweka juu ya bati la banda la kuku. Mjukuu alikaa kivulini akichungulia kila dakika. Vya kwenye kadibodi nyeusi vikalegea kwanza. "Bibi, mbona hivi vya kwenye nyeupe vinachelewa?" Nikamwambia ashike fulana yake nyeusi iliyoanikwa kwenye kamba ile ile na shuka jeupe. Akashika, akanyamaza, akarudi kushika tena. Hakuniuliza swali la pili.

Siku nyingine tulitumia pasi. Unakwangua krayoni kwa kikwangulio cha karoti kilichozeeka, unanyunyiza chenga zake kati ya karatasi mbili, unafunika kwa kipande cha kanga kuukuu, mtu mzima anapitisha pasi ya moto mdogo. Karatasi inakunywa nta na kupitisha mwanga. Tuliibandika dirishani, na asubuhi sakafu ilikuwa na madoa ya kijani na chungwa ambayo mtoto alikuwa akiyaruka asiyakanyage.

Njia ya jiko ndiyo inayowatisha watu, na wana haki ya kuogopa. Nina kovu kwenye kiganja cha kushoto tangu mwaka wangu wa kwanza wa batiki. Krayoni nyingi ni parafini, nta inayotokana na mafuta ghafi, pamoja na rangi ya unga. Parafini huyeyuka kwenye nyuzi joto 50 hadi 65 hivi, kwa hiyo haitaki moto wa moja kwa moja. Weka vipande ndani ya kopo tupu la samaki, kopo likae ndani ya sufuria yenye maji kidogo. Maji yakichemka hayavuki nyuzi 100, na nta iliyomo itakuwa salama. Ukiiweka juu ya moto wenyewe itapanda mpaka itoe moshi, halafu iwake. Na ikiwaka usiimwagie maji hata kidogo, maana yatageuka mvuke papo hapo na kuirusha nta yenye moto kila upande. Funika kwa mfuniko, uzime jiko. Madirisha yawe wazi. Simu iwe chumbani.

Sufuria nashika mimi. Rangi gani iingie, kiasi gani, tusimame lini, hayo ni yake. Tulimimina kwenye kombe tulizookota ufukweni Raskazone, na nyekundu ilipoikimbilia bluu alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho miaka yote hii sikukiona. Kwenye batiki nta ni mlinzi: inapokaa, rangi haipiti, na tukimaliza tunaichemsha itoke. Kwenye krayoni nta hiyo hiyo imeibeba rangi mgongoni. Nilimweleza mjukuu, naye akataka tuchore kwa krayoni kwenye kitambaa kisha tukichovye. Tutajaribu.

Jirani yangu aliniambia haya ni mambo ya Kizungu ya kwenye simu. Nilimjibu kwamba karibu miaka 2,000 iliyopita wachoraji wa Misri waliyeyusha nta ya nyuki, wakaichanganya na rangi, wakachora sura za watu kwenye mbao za kuzikwa nao. Sura za Fayum zipo makumbusho mpaka leo, macho yanakutazama. Nta na rangi ni kazi ya zamani ya bara hili.

Wengine wanalia gharama. Boksi la kwanza la krayoni za Crayola lilitoka Marekani mwaka 1903, rangi nane kwa senti tano, likikusudiwa watoto wa shule. Ni kitu kilichotengenezwa kiishe mikononi mwa mtoto. Nyumbani kwetu tunakifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni, tunakitoa siku ya kazi ya shule, na kipande kikivunjika mtoto anagombezwa. Nimewahi kumgombeza mwanangu hivyo hivyo, na leo mkono wake ni mgumu mbele ya karatasi tupu.

Jumamosi iliyopita mjukuu alikuwa amechanganya bluu na njano mpaka kopo zima likawa kijani kibichi. Akalikodolea macho.

"Bibi, bluu yangu itarudi?"

"Hairudi, baba."

Akafikiri. Kisha akatia mkono kwenye kopo la vipande, akatafuta nyeupe.