Mbunifu Aweke Rehani Nyumba ya Nani?

Kila yanapofika maonyesho, iwe Sabasaba, Nanenane au yale mashindano ya ubunifu yaitwayo MAKISATU yaliyoanzishwa mwaka 2019, sinema ni ile ile. Kigogo anashuka kwenye shangingi, anapita kwenye mabanda, anasimama mbele ya kijana aliyetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa mabati na nyaya za kuokoteza, anamshika bega, kamera zinawaka. "Serikali iko pamoja nanyi." Makofi. Wiki inayofuata kijana yuko Gerezani au Vingunguti na mashine yake ile ile moja, cheti kimetundikwa ukutani, na mwenye chumba anadai kodi.

Hatusemi hakuna hata mmoja aliyesaidiwa. Wapo. Tunachouliza ni kwa nini katika nchi hii fedha ya umma inayotajwa kuwa ya kumwinua kijana mwenye akili ya mikono humfikia kila mtu isipokuwa yeye.

Wasomaji wetu wenye umri wanayakumbuka Mabilioni ya JK. Serikali ya Awamu ya Nne ilitenga shilingi bilioni 1 kwa kila mkoa, mikoa 21, jumla bilioni 21, kwa ajili ya mitaji ya wajasiriamali. Jambo jema kabisa. Lakini fedha zile zikapitishwa benki, CRDB na NMB, na benki ni benki. Anayeingia pale anaulizwa dhamana, anaulizwa hesabu za biashara, anaulizwa hati ya nyumba. Fundi wa kuchomelea anayelala chumba kimoja Manzese na wenzake wawili aweke rehani nyumba ya nani? Ya baba mwenye nyumba? Mwenye hati alikwenda akachukua. Mlalahoi alisikia habari ile redioni.

Mwaka 2015 ikaja nyingine: milioni 50 kwa kila kijiji. Wimbo ule uliimbwa kwenye kampeni mpaka watoto wakaushika. Awamu ya Tano ikaja, ikapita, na milioni 50 za vijiji hazijaonekana hadi leo.

Tuje kwenye mikopo ya halmashauri, maana hii ndiyo inayotuhusu vijana wa mjini moja kwa moja. Tangu mwaka 2018 ni sheria, si hisani ya mheshimiwa yeyote: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri itengwe, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, tena bila riba. Fedha hiyo ni ushuru wa masoko, ni leseni, ni mapato ya stendi. Ni jasho la machinga mwenyewe. Nini kilitokea? Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akawa anaandika mwaka baada ya mwaka kwamba mabilioni hayarejeshwi na kwamba vikundi vingine vilivyokopeshwa havionekani vilipo. Vikundi hewa! Tulishazoea wafanyakazi hewa. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza mikopo isimamishwe, na ilipofufuliwa mwaka 2024 dawa mojawapo iliyoletwa ilikuwa kujaribu kuipitisha benki katika halmashauri 10. Benki tena! Aliyekula ni mjanja mwenye kikundi cha kwenye karatasi na ndugu yake ofisini. Aliyeadhibiwa kwa kusubiri zaidi ya mwaka ni kijana wa kweli.

Na hata bila wizi, utaratibu wenyewe una kasoro. Kijana hukopeshwa akiwa na kikundi. Kwa kufuga kuku au kuendesha bodaboda, sawa. Lakini ubunifu huanza kwenye kichwa cha mtu mmoja. Kijana aliyebuni mashine ya kupukuchua mahindi analazimika kuokota wenzake kijiweni ili fomu ijae, kisha fedha ikitoka kila mmoja anataka chake. Halafu marejesho yaanze mapema, wakati mashine ya kwanza bado inakwama na ya pili haijachomelewa. Kitu kipya hakizai kwa ratiba ya genge la nyanya.

Watawala watasema fedha ya umma haiwezi kuchezewa kwenye mambo yasiyo na uhakika. Basi waangalie simu zao. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008, ilijaribiwa kwanza kwa msaada wa fedha ya walipa kodi wa Uingereza, karibu pauni milioni 1, na kampuni ya Vodafone ikaweka fungu lake. Hakuna aliyejua kama itafanikiwa. Ilitolewa kwa ajili ya kujaribu, na aliyeipokea alitakiwa naye aweke chake mezani. Hakuulizwa hati ya nyumba.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa na mpango wa kumnunulia fundi mashine, akaitumia huku akilipa kidogo kidogo, na dhamana ni mashine yenyewe. Ukishindwa, wanaichukua, wanampa mwingine. Mashine ya kukereza hainyweki baa wala haiolewi. Kikundi hewa hakiwezi kupewa mashine, maana itafungwa wapi?

Gazeti hili linataka mambo mawili. Sehemu ya ile asilimia 4 ya vijana itolewe kwa mtu mmoja mmoja mwenye kitu alichokitengeneza kinachoonekana, na itolewe kwa njia ya mashine na vifaa. Na kila halmashauri ibandike kwenye ubao wa ofisi ya kata majina ya waliokopeshwa, kiasi, na mahali karakana ilipo, ili sisi wa mtaani twende kuchungulia kama ipo. Madiwani wote, wa chama tawala na wa kwetu, wabanwe kwa hilo kwenye kikao cha baraza kinachofuata.