Haramia Aomba Lifti
Mimi haramia mzoefu, mwenye jicho moja na madeni chungu nzima, sijaona baharia aliyevuma kwa nauli yake mwenyewe. Sindbad wa hekaya alijifunga kwa kilemba kwenye mguu wa ndege mkubwa ajabu, dege hasa, akapaa bure, na dege lenyewe halikuombwa ruhusa. Vasco da Gama alitia nanga Malindi Aprili 1498 akiwa hajui njia ya kwenda India. Akapewa rubani, Mei akawa Calicut, na sifa zote akabeba yeye. Abiria wa aina hii mnamjua: hachangii mafuta, anang'ang'ania kiti cha mbele, akishuka anadai ndiye aliyekuwa akiendesha. Halafu sisi tunaopanda meli za watu, tena kwa kupiga kelele ili wajue tumefika, ndio tunaoitwa wezi!